Shule Iliyoanza na Mafundi

Dereva wa lori anayetoka Nairobi kwenda Mombasa hupita Malili, akapanda na kushuka vilima viwili vitatu, kisha akaingia Salama. Soko hili la kando ya barabara kuu liko Kaunti ya Makueni, upande wa Kilome, na kwa miaka mingi limekuwa kituo cha malori, mabasi na wasafiri wenye njaa. Jioni magari hujipanga kando ya barabara, moshi wa nyama choma ukatanda, na karibu kila kibanda kikawa na redio yake inayoongea. Moja inatangaza mpira kwa Kiswahili, nyingine inapiga muziki wa Kikamba, ya tatu inasoma taarifa ya habari.

Dereva huyo anajua jambo moja ambalo msikilizaji wa mjini hana haja ya kulijua. Lori likiteremka bondeni, redio huanza kukoroma, na likipanda tena kilima, sauti hurudi safi kana kwamba mtangazaji alikuwa amejificha nyuma ya mwamba. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, karibu kama mwanga wa tochi, na milima ya Kilungu na vilima vya Kilome huyakinga. Ili mtu wa bondeni asikie, lazima kuwe na mlingoti mahali pa juu, mtambo unaofanya kazi usiku na mchana, umeme usiokatika, na fundi anayejua la kufanya ukikatika.

Msikilizaji wa Salama anaweza kutaja majina ya watangazaji kumi bila kupumua. Ni nadra amtaje fundi hata mmoja. Na hapo ndipo historia ya Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, ambayo Wakenya wote huiita KIMC, inapostahili kusimuliwa upya, kwa sababu taasisi hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya watangazaji, wala waandishi wa habari, wala waigizaji. Ilianza mwaka 1961 ikiwa shule ya kuwafundisha mafundi wa mitambo ya utangazaji. Hayo mengine yote, ambayo leo yameipa sifa, yalikuja baadaye.

Ili kuelewa kwa nini ikawa hivyo, inafaa kurudi nyuma kidogo. Utangazaji wa redio ulianza Kenya mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi waliotaka kusikia habari za kwao. Kuanzia mwaka 1931 kazi hiyo ilishikwa na kampuni ya Cable and Wireless, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa simu za upepo na nyaya za baharini. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoilazimisha serikali ya kikoloni kuwazungumzia Waafrika kwa lugha zao, kwani familia zilikuwa na wana wao jeshini na zilitaka habari. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, huduma maalumu ya Waafrika ikaanzishwa, na Kikamba kikawa miongoni mwa lugha zake, pamoja na Kiswahili, Kikuyu, Dholuo, Kiluhya na nyinginezo. Mwaka uliofuata likaja shirika la utangazaji la koloni, lenye vituo vya mikoani. Cha Mombasa kilijulikana kwa jina tamu la Sauti ya Mvita.

Basi kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Mwafrika alikuwa tayari anasikika hewani. Lakini nyuma ya ukuta wa studio, kwenye mitambo yenyewe, hali ilikuwa nyingine. Kazi nyingi za uhandisi zilikuwa mikononi mwa Wazungu, na uhuru ulikuwa unabisha hodi. Mwaka 1961 lilipoundwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, swali halikuwa nani atasoma habari siku ya uhuru, wasomaji walikuwapo. Swali lilikuwa nani ataushika mtambo Mzungu akifunga mizigo yake. Shule ikaanzishwa mwaka huohuo kulijibu swali hilo.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na haujasifiwa vya kutosha. Taifa changa lina tamaa ya kuanza na kinachoonekana: jengo la fahari, sauti nzuri, sura ya kupendeza. Hapa walianza na wale wasioonekana.

Kazi waliyokabidhiwa vijana hao haikuwa ya kubonyeza swichi. Redio ya wakati ule ilitegemea mawimbi ya kati, na mitambo yake ilitumia valvu, yaani taa za kioo zenye umbo la chupa ambazo huwaka nyekundu ndani na kuchemka kama jiko. Mtambo mkubwa wa valvu hutumia umeme wa maelfu ya volti. Jambo la kwanza ambalo fundi wa mitambo ya aina hiyo hufundishwa ni kwamba mtambo uliozimwa bado unaweza kuua. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Kwa hiyo pembeni ya kila kabati huning'inizwa fimbo yenye ndoano ya shaba, iliyounganishwa na ardhi kwa waya mnene. Fundi hufungua mlango, na kabla hajaingiza hata kidole, hugusa kila sehemu kwa fimbo ile. Wakati mwingine cheche huruka na mlio kama wa kiboko. Hapo ndipo huingiza mkono. Anayesahau fimbo siku moja huenda asipate siku ya pili ya kukumbuka.

Mlingoti nao una elimu yake. Katika mawimbi ya kati, mlingoti haubebi antena, bali wenyewe ndio antena. Kwa masafa ya megahatsi moja, wimbi lina urefu wa mita 300, na robo yake ni mita 75, kwa hiyo chuma kirefu kiasi hicho husimamishwa juu ya kauri ngumu ili kisigusane na ardhi. Chini yake, nyaya za shaba hufukiwa udongoni zikitawanyika kila upande kama miale ya jua. Mtu akipita pale haoni chochote zaidi ya majani na chuma. Fundi anajua kwamba nusu ya mtambo iko chini ya miguu yake.

Hayo ndiyo masomo yaliyofikisha sauti Ukambani. Mawimbi ya kati hutambaa na ardhi, yakapinda kwenye mabonde ambayo FM haiyafikii, na usiku yakapaa hadi tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana wazee wanaokumbuka redio za miaka ya 1960 na 1970 husema usiku walikuwa wakipata vituo vya nchi za mbali, vikiingiliana na kusukumana. Halikuwa jambo la kubahatisha. Jua likizama, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hayo hutoweka, na njia ikafunguka.

Lakini KIMC haikuwa ya kwanza Kenya kufundisha elimu ya mawimbi na nyaya. Miaka 13 kabla yake, mwaka 1948, ilifunguliwa Mbagathi, ukingoni mwa Nairobi, shule iliyojulikana kwa herufi CTS, iliyowafundisha wafanyakazi wa posta na simu wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Huo ndio mwaka ilipoanza kazi Tume Kuu ya Afrika Mashariki, chombo cha kikoloni cha kusimamia huduma za pamoja. Na ndio mwaka ambao maabara za Bell, Marekani, ziliutangazia ulimwengu transista, kile kidude kidogo ambacho kingeifukuza valvu na kuifanya redio itoshe mfukoni. Walioanzisha shule ya Mbagathi bila shaka hawakuwa na habari hiyo mezani. Hata hivyo wanafunzi wao wa miaka ya baadaye walilazimika kujifunza kazi mara mbili: kwanza kwa valvu, kisha kwa transista.

Shule hizi mbili, ya Mbagathi na ya utangazaji, zina undugu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Sauti haifiki kwenye mtambo yenyewe. Studio iko mjini, mtambo uko kilimani au uwandani, na katikati kuna waya wa simu au kiungo cha mawimbi. Fundi wa simu akizembea, mtangazaji anaongea na ukuta. Hata Cable and Wireless walikuwa watu wa simu kabla ya kuwa watu wa redio. Mwaka 1970, kituo cha setilaiti kilipofunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa, Afrika Mashariki iliunganishwa na dunia kwa njia ya anga, na mpaka kati ya fundi wa simu na fundi wa televisheni ukazidi kufifia.

Televisheni yenyewe ilikuja Kenya mwaka 1962, shule ya mafundi ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mtambo wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na nguvu zake zilifika maili 15, kama kilomita 24. Msomaji wa Makueni apime mwenyewe. Picha ile haikufika hata Athi River, sembuse Salama. Kwa watu wa Ukambani televisheni ilibaki hadithi ya wanaofanya kazi Nairobi kwa muda mrefu. Mwaka 1970 Mombasa nayo ikapata kituo chake, lakini kati ya miji hiyo miwili kuna karibu kilomita 500 za nyika, vilima na vichaka, na kila kilima kilihitaji mtu wa kupanda na vifaa begani. Rangi ziliingia mwaka 1978. Zanzibar ilikuwa imetangulia kuonyesha picha za rangi miaka ya mwanzo ya 1970, jambo ambalo Wazanzibari hadi leo hulitaja kwa fahari, nao wana haki.

Tarehe 1 Julai 1964 serikali ya Kenya huru ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, maarufu kwa herufi VoK. Shule ya mafundi ikawa chini ya wizara ya habari, na ikaanza kutanuka. Kwanza yaliongezwa mafunzo ya utayarishaji wa vipindi. Kisha uandishi wa habari. Kisha utengenezaji wa filamu, kwa msaada mkubwa wa Wajerumani, uliowapa vijana kamera, maabara na walimu. Taasisi ikakaa South B, Nairobi, mwendo mfupi kutoka Barabara ya Mombasa, barabara ileile inayopita Salama. Mwanafunzi aliyetoka Makueni miaka ya 1970 na 1980 angeweza kushuka basi pale na kutembea hadi darasani na sanduku lake kichwani.

Hapo ndipo sifa ya KIMC ilipojengeka. Kwa miongo mitatu hivi, ukitaja mtu wa redio au televisheni Kenya, uwezekano mkubwa ni kwamba alipita South B, akasomea kozi yake ya miaka miwili au mitatu, na akajifunza kwa mkono. Sauti na sura zilizotoka huko zilijulikana nchi nzima. Idara ya uhandisi iliendelea kimya kimya, ikitoa mafundi waliokwenda kukaa kwenye vituo vya mbali ambako jirani yao wa karibu alikuwa ni nyani.

Uzito wa kazi hiyo ulionekana wazi alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga walioasi hawakuanza na Ikulu. Waliiteka VoK. Walimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Taifa zima lilimfahamu Mbotela kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?", na sauti yake ilipotoka redioni siku ile, watu waliamini. Baada ya saa chache majeshi ya serikali yakaikomboa stesheni, na sauti ikatangaza kinyume chake. Nchi ya mamilioni ya watu ilikuwa imeyumba kwa sababu ya chumba kimoja na mtambo uliounganishwa nacho. Mbotela alifariki dunia Februari 2025, na kila aliyemkumbuka aliisimulia siku hiyo.

Mwaka 1989 VoK ikarudia jina la KBC. Mwaka uliofuata KTN ikawa televisheni ya kwanza ya binafsi nchini. Mwaka 1996 Capital FM ikafungua mlango wa redio za binafsi, na baada ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1998 mlango huo ukang'olewa kabisa. Kameme ilianza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, na lugha nyingine zikafuata kwa kasi. Ukambani ikapata Musyi FM, ikapata Mbaitu FM, na KBC yenyewe ikawa na Mwatu FM. Kikamba ambacho mwaka 1953 kilikuwa lugha moja tu kati ya nyingi za huduma moja sasa kina vituo vinavyotangaza usiku na mchana.

Wengi walioandika juu ya kipindi hicho wameandika juu ya siasa na matangazo ya biashara. Wachache wameuliza mafundi walitoka wapi. Kila kituo kipya kilihitaji mtambo, mlingoti, kiungo cha kutoka studio, jenereta, na mtu wa kuamka saa nane usiku simu inapolia kwamba hewa iko kimya. Mafundi hao walitoka South B, walitoka Mbagathi, walitoka vyuo vya ufundi, na wengine walivutwa kutoka KBC kwa mshahara mnono zaidi. Shule iliyojengwa kwa ajili ya shirika moja la serikali ikajikuta inalisha nchi nzima.

Mfano ulio bora zaidi uko Makueni kwenyewe, kusini zaidi kwenye barabara ileile. Nthongoni, katika eneo la Kibwezi, vikundi 33 vya wanawake viliungana na kuanzisha Radio Mang'elete, iliyoingia hewani mwaka 2004 kwa msaada wa shirika la EcoNews Africa. Wanawake hao walikuwa wakulima na wafugaji wa mbuzi katika nchi yenye mvua haba. Walitaka redio izungumzie mbegu, maji, afya na bei za mazao kwa lugha ya nyumbani, nao wakaipata. Redio ya jamii ya aina hii ndiyo inayopima thamani ya elimu ya ufundi kuliko shirika lolote kubwa. Shirika kubwa lina wahandisi na vipuri. Redio ya jamii ina mtambo mmoja. Radi ikiupiga, au umeme ukipanda ghafla na kuunguza kipuri, kijiji kinanyamaza hadi fundi apatikane, na fundi akitoka Nairobi gharama yake hula akiba ya mwezi. Akiwapo kijana wa palepale aliyesomea kazi hiyo, redio inarudi hewani kabla ya taarifa ya jioni.

Mbagathi, wakati huo, ilikuwa inabadilika jina kila kizazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wanafunzi wa Uganda na Tanzania waliacha kuja na shule ikabaki ya shirika la posta na simu la Kenya. Mwaka 1992 ilipandishwa daraja na kuwa Chuo cha Teknolojia ya Mawasiliano, KCCT. Shirika la posta na simu lilipogawanywa mwaka 1999, chuo kikaangukia mikononi mwa Telkom Kenya. Telkom ilipokuwa ikielekea kubinafsishwa, chuo kikahamishiwa kwa tume ya mawasiliano, na kwa uhamisho huo kikanusurika kuuzwa pamoja na nguzo na nyaya. Mwaka 2008 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Na mwezi Machi 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili: Multimedia University of Kenya.

Mwezi huohuo, katika upande wa Kitui, South Eastern Kenya University, SEKU, cha Kwa Vonza nacho kilipewa hati yake. Kwa mara ya kwanza watu wa Ukambani wakawa na chuo kikuu kamili cha umma kwenye ardhi yao wenyewe, mahali palipokuwa taasisi ya kilimo. Chuo hicho kimejijengea jina katika mambo ya nchi kame, na ni haki. Ila kijana wa Salama anayetaka kusomea mitambo ya utangazaji bado hulazimika kupanda gari kuelekea Nairobi.

Akifika Mbagathi leo, atakuta kampasi inayopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambapo ngiri huonekana karibu na madarasa kama walinzi wa zamu. Atakuta kitivo cha uhandisi kinachofundisha umeme na mawasiliano ya simu, na kitivo cha habari na mawasiliano, chini ya uongozi mmoja. Hilo ni jambo kubwa. Katika vyuo vingi, anayejifunza kuongea kwenye maikrofoni na anayejifunza maikrofoni inavyofanya kazi hawakutani hata kwenye foleni ya chakula.

Zoezi moja linatosha kuonyesha elimu hii ilivyo. Mwanafunzi hupewa masafa, tuseme megahatsi 100, na kuambiwa atengeneze antena. Anakokotoa: wimbi zima ni mita tatu, nusu yake ni mita moja na nusu. Anakata bomba la alumini. Mwalimu anamwambia apunguze kidogo, kama asilimia tano, kwa sababu ncha za bomba huifanya antena itende kama ni ndefu kidogo kuliko kipimo chake. Anapunguza, anaunganisha, anawasha kwa nguvu ndogo, na kutazama kipimo. Antena ikiwa haijalingana na mtambo, sehemu ya nguvu inayotumwa hurudi ilikotoka, kama maji yanayogonga ukuta, na ikiwa nyingi huunguza mtambo wenyewe. Mwanafunzi anakata sentimita moja, anapima. Anakata tena nusu, anapima. Sindano inashuka. Siku hiyo hatahitaji kuambiwa mawimbi ni kitu gani.

Mtihani mkubwa zaidi kwa mafundi wa kizazi hiki ulikuwa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Kenya iliuzindua mfumo mpya Desemba 2009. Faida yake kwa mtu wa kawaida ni rahisi kueleza: nafasi ya masafa iliyokuwa ikibeba stesheni moja ya analojia inaweza kubeba stesheni kumi na zaidi za dijitali. Hasara yake pia ni rahisi kueleza. Picha ya analojia ilipodhoofika ilileta chenga, na mtu akavumilia. Picha ya dijitali ikidhoofika huganda, ikakatikakatika vipande vya mraba, kisha ikazimika. Bonde ambalo zamani lilipata picha mbaya sasa halipati kitu. Kila kilima kikawa hoja mpya, na kila mlingoti ukawa na kazi ya kupimwa upya.

Februari 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa katikati ya mvutano mkali, televisheni kubwa za binafsi zilikaa nje ya hewa kwa siku 19. Mwisho wa Machi mwaka huo analojia ikawa imezimwa nchi nzima. Katika maduka ya Salama, kama kwingineko, vikaja ving'amuzi, na juu ya mabati zikaja eriali mpya. Vijana wenye bisibisi na koili ya waya walipata kazi ya kupanda mapaa, kugeuza eriali polepole, na kumpigia kelele mtu aliye ndani: "Imekuja? Bado? Imekuja?" Wengi wao hawakusomea popote. Walijifunza kwa macho na masikio, na baadhi yao, wakipewa nafasi kwenye benchi la maabara, wangekuwa wahandisi wazuri.

KIMC nayo, iliyofanywa shirika la serikali lenye bodi yake mwaka 2011, ina tawi Eldoret na inaendelea kufundisha uhandisi wa utangazaji pamoja na kozi nyingine. Lakini ukweli usemwe. Katika nchi nzima, darasa la uanahabari limeota kila mahali na darasa la mitambo limebaki haba. Sababu yake si fumbo. Kufungua kozi ya uanahabari kunahitaji ukumbi, walimu na maikrofoni chache. Kozi ya mitambo inataka mtambo halisi, vifaa vya kupimia vyenye bei ya gari, mlingoti, na mwalimu aliyewahi kuupanda. Waliokuwa wakisimamia utangazaji mwaka 1961 walikuwa na pesa kidogo kuliko vyuo vya leo, na bado walianza na mafundi.

Hata hivyo, Salama haina sababu ya kukata tamaa. Malili, si mbali, ndiko serikali ilikochagua kujenga mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa Januari 2013, na humo ikaanza kujengwa taasisi ya juu ya sayansi na teknolojia kwa mkopo wa Korea Kusini. Elimu ya mawimbi ya redio inastahili benchi lake humo. Simu za kizazi kipya, setilaiti na televisheni ya dijitali zote zinasimama juu ya hesabu ileile ya mita tatu na mita moja na nusu.

Jambo moja haliwezi kungoja majengo. Mafundi wa madarasa ya mwanzo, waliojifunza kugusa kapasita kwa fimbo ya shaba, sasa ni wazee, na kila mwaka hupungua. Wapo waliostaafu na kurudi kulima Mukaa, Mbooni, Kitui na Mwala. Wana picha za mitambo, madaftari ya vipimo, na huenda valvu moja iliyofungwa kwa kitambaa ndani ya kabati. Mwenye baba au babu wa aina hiyo amketishe, arekodi maelezo yake, aandike majina ya walimu wake na vituo alivyohudumu. Na vitu hivyo visiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vipelekwe South B au Mbagathi, vipewe kabati la kioo na jina la aliyevitumia.